Ndoo Iliyotangulia Namba Moja

Sakafu ya kituo cha asali hukanyagwa kwa miguu safi au haikanyagwi kabisa. Koleta Luhende, mpelelezi, alivua viatu mlangoni, akaingia chumba cha mzani kwa soksi, akatazama pande zote nne kabla hajamwamkia mtu.

Mzani ulikuwa mezani, na pembeni yake mashine ndogo ya chuma yenye kioo cha ukubwa wa kiganja. Mrija mwembamba ulining'inia kutoka kwenye mashine kama mdomo wa mbu. Ukutani palikuwa na kalenda ya kanisa na picha kubwa, mpya, ya Mwenyekiti wa ushirika wa warina asali akiweka ndoo yenye mfuniko mwekundu juu ya mzani ule ule, meno yote nje. Kwenye kona, juu ya ndoo iliyopinduliwa, aliketi mwanamke wa miaka thelathini hivi, mikono mapajani, kama anayesubiri sindano.

"Huyo ndiye Consolatha?"

"Ndiye," alijibu Mwenyekiti Kornel, bwana mnene mwenye suti ya kaunda iliyopigwa pasi mpaka ikaogopa kujikunja. "Mtunza ghala wetu. Alikuwa. Polisi wanakuja saa nane mchana. Mnunuzi kasema asali ya wanachama haitoki hapa mpaka aliyechezea rekodi apatikane, na sisi tumeshampata. Wewe umeletwa uandike tu kwamba kapatikana."

"Nimeletwa kutafuta. Kuandika ni baadaye," alisema Koleta. "Niachie funguo, Mwenyekiti."

Kornel aliacha funguo, ila aliziacha polepole, kama anayeacha mkono wa mchumba.

Kesi yenyewe ilikuwa fupi. Jumatatu, siku ya ufunguzi wa msimu, mashine iliandika kwamba ndoo namba moja, mali ya Mzee Leodgar wa Usinge, ilikuwa na maji ya sukari asilimia thelathini na nane. Mzee aliposomewa alitaka kumpiga mtu, yeyote aliyekuwa karibu. Mnunuzi akaifungua ndoo ile ile, akaipima mara tatu kwa kipimo chake mwenyewe: asali tupu, haina hata chembe ya sukari ya dukani. Basi ndoo nzuri, rekodi mbaya. Rekodi zinafunguliwa kwa paswedi moja, na mwenye paswedi ni Consolatha. Tena wiki moja kabla, mbele za watu, Mzee Leodgar alikuwa amemwambia Consolatha kwamba anapima polepole kama kobe anayepeleka posa.

Sababu ipo, nafasi ipo, chombo kipo. Kwa watu wengi hiyo ingetosha.

Koleta hakuwa wa watu wengi. Miaka kumi na tisa alikuwa fundi wa ishara za reli. Wenzake wanaapa kwamba siku moja alizuia treni ya mizigo isitoke Tabora kwa kuisikiliza tu, huku anasukwa nywele ng'ambo ya barabara. Nati iliyolegea ilikuwa behewa la thelathini na moja. Yeye husema lilikuwa la thelathini, watu wanatia chumvi. Ishara za reli zilipoanza kuongea kwa kompyuta, alijifunza lugha yao bila mwalimu, apate kujua zinamsengenya nani.

"Shikamoo, dada," alisema Consolatha.

"Marahaba. Umekula?"

"Hapana."

Koleta akatoa kipande cha muhogo wa kuchoma kwenye mkoba. "Kula. Mwenye njaa hujibu hata asichoulizwa. Jumatatu ulifungua mashine saa ngapi?"

"Saa tatu kamili."

"Paswedi yako nani mwingine anaijua?"

"Hakuna. Hata mume wangu. Hasa mume wangu."

"Ndoo ya kwanza ya siku?"

"Ya Mzee Leodgar. Namba moja, imeandikwa."

"Kabla yake?"

"Kabla yake kulikuwa na hotuba."

"Hotuba hazipimwi," alisema Koleta. "Zingevunja mzani. Nipeleke hatua kwa hatua. Ndoo inawekwa. Kisha?"

"Mrija unavuta asali kiasi cha kijiko. Mashine inasoma uzito papo hapo. Majibu ya sukari na maji yanachukua dakika nne. Yakija, rekodi inajifunga yenyewe, inaingia kwenye kadi, naweka ya mwingine."

"Dakika nne kila mara?"

"Kila mara. Ndiyo maana wananiita kobe." Akafikiri kidogo. "Ila ya Mzee ilikuja upesi. Dakika moja hivi. Nilimwambia, leo babu una bahati."

Koleta aliandika *dakika moja* kwenye daftari lake, akaipigia mstari mara mbili.

Alichomoa kadi ya kumbukumbu kwanza, maana kadi ndiyo mshukiwa wa kila mtu, kama paka maziwa yakimwagika. Aliisoma kutoka mwanzo hadi mwisho kwa kompyuta yake, akaandika maelfu ya herufi, akazisoma tena. Zote zilirudi salama. Akachunguza waya wa umeme, betri, soketi. Umeme Jumatatu haukukatika hata mara moja, jambo ambalo lenyewe lingefaa kuchunguzwa, lakini si leo.

Saa nne, Alois akafika kwa baiskeli kutoka karakana yake ya Mtendeni, jasho likimtiririka. Alois ndiye aliyeandika Msafara, mfumo endeshi unaoendesha mizani hii na mingine kama hamsini hivi kwenye vituo vya asali, tumbaku na mpunga, kuanzia Tabora mpaka huko njia ya zamani ya misafara inakoishia ziwani. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na tano mwenye uhakika wa mtu ambaye bado hajafanyiwa ukaguzi.

"Nimeambiwa unanisumbulia mtoto," alisema, akiipapasa mashine.

"Mtoto wako kasema uongo, Alois."

"Msafara hausemi uongo. Mtu kahariri rekodi."

"Kila rekodi ina muhuri?"

"Ina muhuri. Namba inayokokotolewa kutoka kwenye maneno yote ya rekodi. Ukigusa nukta moja, muhuri unavunjika. Na kuna hesabu ya mara ngapi imeandikwa."

"Nisomee ya ndoo namba moja."

Alois alisoma. Akasoma tena. Uhakika ulimtoka kidogo kidogo, kama upepo kwenye tairi.

"Muhuri mzima," alisema. "Imeandikwa mara moja."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo... hakuna aliyehariri. Ilizaliwa hivyo hivyo."

Kwenye kona, Consolatha aliacha kutafuna.

"Basi mtu tumemtoa," alisema Koleta. "Imebaki mashine. Lakini ukienda kwa Mwenyekiti na nusu ya jibu, atakuuliza nusu ya pili. Nipe orodha yote ya Jumatatu."

Orodha ilikuwa na ndoo thelathini na sita. Koleta aliisoma kwa kidole, kama mtu anayechambua mchele. Kidole kilipita moja, kikapita kumi, kikasimama kumi na nne.

"Zuena huyu analeta asali gani?"

"Ya nyuki wadogo, wale wasiouma," alisema Consolatha. "Hakuna mwingine anayeileta. Nyeusi, chachu, watu wanaitumia dawa."

"Asali ya nyuki wadogo ina maji mengi. Kila mrina anajua. Hapa imeandikwa asilimia kumi na saba, kavu kama ya nyuki wakubwa. Na namba kumi na tano, Majidi, huyo wa asali nzito, kaandikiwa ishirini na nane." Aligeuza daftari Alois aone. "Sasa ukimvua Majidi majibu yake ukamrudishia Zuena?"

Alois alikodoa macho. "Yanakaa sawa."

"Na ishirini na mbili? Na ishirini na tatu?"

"Zote..." Alois alilivuta daftari karibu. "Kila ndoo imebeba majibu ya iliyoitangulia. Siku nzima! Hakuna aliyeona kwa sababu zote ni asali safi, na ukiacha ya Zuena zinapishana nukta mbili tatu."

"Vizuri. Basi sukari ya Mzee Leodgar si ya Mzee Leodgar. Ni ya ndoo iliyomtangulia."

"Lakini yeye ni namba moja," alisema Consolatha.

"Ndiyo," alisema Koleta. "Hapo ndipo patamu."

Mzee Leodgar mwenyewe hakuhitaji kuitwa. Alikuwa ameshuka treni ya Usinge asubuhi, akasikia kuna mpelelezi, akaja na fimbo, kofia ya pama na hasira ya siku tatu aliyoitunza isipoe.

"Wangaluka, mayo," alimsalimu Koleta kwa Kinyamwezi, akimwita mama.

"Wangaluka, baba."

"Huyu ndiye aliyenitia sukari?" Fimbo ikaelekea kwa Alois, ikasita, ikahamia kwa Consolatha. "Au ni huyu kobe wangu?"

"Babu, kobe ndiye anayekupigania," alisema Consolatha. "Shikamoo."

"Marahaba. Samahani, nimekasirika jumla jumla."

"Jumatatu, majibu yako yalitoka baada ya muda gani?" aliuliza Koleta.

"Kabla sijamaliza kufuta jasho! Nikasema, leo mashine imeniheshimu. Kumbe imenikimbilia kunitukana. Mimi, mayo, nyuki wangu hawajui sukari. Mwaka ule wa ukame niliwawekea kikombe cha chai, wakafanya kikao, wakaniletea kikombe kikiwa kimejaa asali na ujumbe kwamba nisirudie."

"Waliuleta kwa maandishi?"

"Kwa kuvuma. Mimi nawasikia."

Koleta aliandika *kuvuma* kwenye daftari. Akageukia Alois. "Mweleze Mzee mashine inavyoweka mambo kichwani. Kwa Kiswahili cha porini. Ukishindwa kumweleza yeye, basi wewe mwenyewe hujui."

Alois alijikuna. "Ndani ya kumbukumbu ya mashine, babu, kuna visanduku. Msimamizi wake nimemwita Nyampara. Ndoo ikija, Nyampara anaipa kisanduku kitupu: jina la mwenye mali, uzito, na nafasi ya majibu. Anamwambia yule mpimaji wa mrija, majibu ya ndoo hii lete kisanduku cha tano. Majibu yakifika, yanaandikwa, rekodi inahamishiwa kwenye kadi, kisanduku kinakuwa huru, anapewa mwingine. Na kilichoachwa mwisho ndicho kinatolewa kwanza."

"Kama mizinga," alisema Leodgar.

"Mizinga vipi?"

"Mzinga ukiuacha, mwingine anauchukua. Lakini si hivi hivi! Kwetu, kila mwenye sehemu katika mzinga anafunga kamba yake kwenye tawi. Mimi yangu, shemeji yangu yake. Mimi nikichoka nakata kamba yangu, naenda zangu. Mzinga haujawa huru. Shemeji yuko porini, hajui kama nimeacha. Siku atakaporudi atarina palepale anapopakumbuka. Mpaka kamba ya mwisho ikatwe, hakuna wa kuugusa. Nyampara wako anahesabu kamba?"

Inzi alitua kwenye mrija, akaonja, akaondoka.

"Hahesabu," alisema Alois. "Anamsikiliza mwenye ndoo peke yake. Akisema naacha, kisanduku huru."

"Na mpimaji ndiye shemeji," alisema Koleta. "Yuko porini dakika nne."

"Lakini mwenye ndoo haachi kabla majibu hayajafika! Utaratibu hauruhusu."

"Utaratibu wa karatasi au wa kituo hiki? Tusibishane. Tutege."

Mtego ulikuwa wake Koleta. "Jikoni," alisema, "ukitaka kujua nani anaiba kwenye chungu, paka mpini wa mwiko masizi, kisha omba kuona viganja." Alimwagiza Alois ambadilishe Nyampara kwa saa moja tu: kila kisanduku kikiachwa, kijazwe namba moja ile ile, ya ajabu, kutoka ukingo hadi ukingo, na kisipewe mwingine. Atakayeandika humo baadaye atakuwa anagusa kisanduku kisicho chake, na mashine ipige kengele, itaje jina lake.

"Hiyo lugha uliyoandikia haikukatazi kugusa kisicho chako?" aliuliza.

"Haikatazi. Ukiiambia andika pale, inaandika pale. Inamwamini mwandishi."

"Ilikuwa na haki ya kuuliza kwanza kama mwandishi anaaminika."

Alois akaandika masizi. Akatengeneza na mpimaji wa bandia wa kujibu kwa sekunde nne badala ya dakika nne, wasije wakakesha. Saa tano na nusu wakaanza. Consolatha aliweka ndoo ya maji, akasubiri, akaondoa, akaweka tena. Kumi. Ishirini. Arobaini.

Kengele haikulia.

"Nilikuambia," alisema Alois, na upepo ukaanza kumrudi.

Mwenyekiti Kornel alichungulia mlangoni. "Bado hamjamaliza kuandika?"

"Bado tunapima maji," alisema Koleta. "Yako safi."

Kornel alipoondoka, Koleta alitembea kwa soksi zake mpaka ukutani, akasimama mbele ya picha. Alisimama hapo muda wa mtu kusali rozari fungu moja. Kisha akasogea, pua karibu iguse kioo cha fremu.

"Consolatha. Picha hii ya lini?"

"Jumatatu. Ya ufunguzi."

"Ndoo hii ina mfuniko mwekundu. Ya Mzee ina mfuniko gani?"

"Bluu," alisema Leodgar. "Mimi sinunui nyekundu. Nyuki hawaipendi."

"Na hapa nyuma ya kiwiko cha Mwenyekiti, kioo cha mashine kinawaka. Kimeandika kilo ishirini na sita." Koleta aligeuka. "Mashine ilikuwa imewashwa. Ndoo hii ni ya nani?"

"Hiyo?" Consolatha alishangaa swali lenyewe. "Hiyo si ndoo, dada. Hiyo ni ya picha."

"Ya picha."

"Kila ufunguzi Mwenyekiti anaweka ndoo ya kwanza, mgeni rasmi anapiga makofi, wanapiga picha, inaondolewa, ndipo tunaanza kazi. Mwaka huu, mwaka jana, miaka yote. Hakuna anayeihesabu."

"Mashine inaihesabu. Uliiondoaje?"

"Nilibonyeza ONDOA. Ili isije ikaandikwa kama mzigo wa kweli."

"Baada ya muda gani?"

"Mpiga picha alitaka Mwenyekiti atabasamu mara mbili. Dakika tatu."

"Tatu," alisema Koleta, "na moja ya Mzee kufuta jasho. Nne." Alirudi mezani. "Weka ndoo. Subiri sekunde mbili. Bonyeza ONDOA. Weka nyingine."

Consolatha aliweka, akahesabu moja, mbili, akabonyeza ONDOA.

Kengele ikalia kama mbuzi aliyekanyagwa mkia. Kwenye kioo cha kompyuta likatoka jina la mpimaji wa mrija, na chini yake mstari wa programu: mia nne na kumi na saba. Viganja vyeusi mpaka kwenye kiwiko.

Alois alikaa chini sakafuni. "Miaka mitatu," alisema. "Miaka mitatu nimeusoma mstari huo nikauona mzuri."

"Mstari ni mzuri. Aliyeuandika hakuwahi kuhudhuria ufunguzi," alisema Koleta. "Simama. Saa sita hii. Funga kamba."

Sasa ilikuwa kazi ya ufundi, na Alois akiwa kazini alikuwa mtu mwingine, hana maneno. Kila kisanduku kikapata hesabu ya kamba. Mwenye ndoo kamba moja, mpimaji kamba moja, mwandishi wa kadi kamba moja. ONDOA ikawa inakata kamba ya mwenye ndoo tu. Kisanduku kinabaki kimefungwa mpaka mpimaji arudi kutoka porini, akute hapatakiwi majibu, akate ya kwake. Koleta alisoma kila mstari kwa sauti, kwa vile jicho huruka na mdomo hauruki.

"Hapa," alisema mara. "Ikitokea hitilafu katikati, unatoka bila kukata kamba. Mzinga hautaachwa milele."

"Nimeona."

"Na hapa unakata mara mbili."

"Nimeona, dada."

"Na jina la mwenye mali umelipa herufi ishirini. Apolinaria Mwanaidi Kabulundi ana ngapi?"

Alois alihesabu kwa vidole, akaishiwa vidole, akazidi kuhesabu kichwani. "Zinamwagikia kwenye uzito," alisema kwa sauti ndogo.

"Ndiyo maana mama huyo kila mwaka ndoo yake ina uzito wa ng'ombe," alisema Consolatha. "Nikadhani ni baraka."

Walitafuta kosa moja, jongoo mmoja aliyejificha kwenye programu, wakatoka na wanne. Alois alisema sehemu yote ya hifadhi itafaa iandikwe upya kwa lugha inayokataa ujinga kabla haujafanyika. "Hiyo ya mwezi ujao," alisema Koleta. "Leo nataka hawa wanne wafe." Saa saba na nusu mtego wa masizi ukaanza tena, mara hii ndoo mia mbili za bandia, ONDOA ikibonyezwa mapema, ikichelewa, mara mbili, bila mpango, kama watu wanavyobonyeza. Kengele ilinyamaza, na mara hii kunyamaza kwake kulikuwa na maana.

Saa nane kasoro dakika mbili kamati ya ushirika ilikuwa imejaa chumbani, wote kwa soksi. Sajini Xavery wa polisi alisimama mlangoni, buti mkononi, soksi moja ikiwa imetoboka kidole. "Mtuhumiwa ni yupi?" aliuliza.

"Subiri kidogo, afande," alisema Koleta. Akaeleza: muhuri mzima, majibu yaliyosogea nafasi moja, kisanduku kilichoachwa huku shemeji akiwa bado porini. Alieleza kwa dakika tano, akamtumia Leodgar kama mzinga, na hata Sajini alielewa.

"Kwa hiyo Consolatha hakugusa kitu," alimaliza. "Mashine ilikosea, na mashine imetengenezwa."

Mwenyekiti Kornel alikuwa wa kwanza kupiga makofi. "Tumshukuru Mungu! Kumbe ni mashine. Binti yetu ni msafi. Afande, samahani kwa usumbufu. Tufunge kikao, asali iondoke."

Wajumbe walianza kutafuta viatu.

"Mwenyekiti," alisema Koleta, "mnunuzi atauliza kitu kimoja. Mashine ilichanganya wenye majibu, lakini majibu yenyewe haikuyatunga. Sukari asilimia thelathini na nane ilipimwa kweli, kutoka ndoo ya kweli. Nisipomwonyesha ndoo hiyo, atasema nimembuni shemeji wa porini ili nimwokoe mtunza ghala. Consolatha atarudi kwenye hiyo ndoo ya kukalia, na afande atavaa buti."

"Ndoo gani? Haipo!"

"Ipo kwenye kabati la ofisi yako," alisema Consolatha. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema mbele ya kamati bila kuulizwa. "Kila mwaka unaiweka ya kumbukumbu. Funguo anazo dada."

Leodgar mwenyewe ndiye aliyekwenda kuileta, na mzee aliyepanda ngazi za kituo akitweta alirudi na ndoo ya kilo ishirini na sita kama amebeba kikapu cha mayai. Mfuniko mwekundu. Consolatha aliiweka juu ya mzani. Mrija ukavuta kijiko kimoja. Kioo kikaanza kuhesabu dakika nne, za kweli.

Dakika ya kwanza wote walikitazama kioo. Ya pili, Kornel alilegeza kifungo cha juu. Ya tatu, alisema, "Treni ya Jumatatu ilichelewa."

Kioo kiliendelea kuhesabu.

"Asali ilikuwa kwenye treni, ikaja kuingia picha zikipigwa. Mgeni rasmi alikuwa na safari. Mpiga picha ameshafika. Ningefanyaje, niinue ndoo tupu? Mke wangu akachemsha sukari, tukatia majani ya chai kidogo ipate rangi. Ilikuwa ya picha! Sikumuuzia mtu! Mimi nitajuaje kama mdudu huyu anaonja kila kinachomkalia?"

"Hukujua Jumatatu," alisema Koleta. "Nakubali. Lakini nilipoeleza hapa, sasa hivi, kwamba majibu yalisogea nafasi moja, ulijua ni ndoo ipi iliyotangulia, na ukawa wa kwanza kupiga makofi."

Mashine ikalia mlio mmoja mfupi. Thelathini na nane.

Leodgar alichukua kijiko, akachovya, akaonja, akafumba macho kama mwonjaji wa mfalme. "Majani umeweka mengi," alisema.

Kicheko kilipasuka, kikatoka mlangoni, kikawapata hata waliokuwa nje wakisubiri mizigo yao. Sajini Xavery alianza kuvaa buti. Kioo cha mashine kilikuwa bado kinawaka, kinasubiri, maana rekodi isiyo na jina haijifungi. *Mwenye mali?* kiliuliza.

Kornel aliinama karibu na sikio la Consolatha. Sauti aliyoitoa haikuwa ya mwenyekiti. "Mwanangu. Yameisha. Jibu wote wamelisikia, halina haja ya kukaa kwenye kadi. Bonyeza ONDOA."

Consolatha alimtazama. Kisha akaandika jina lote la Mwenyekiti, la ubatizo na la ukoo, herufi kwa herufi, polepole kama kobe anayepeleka posa. Na sasa hata lingekuwa refu kama reli, lisingemwagikia kwa jirani.

Akabonyeza HIFADHI.